Unga wa Kopo katika Kikombe cha Mzee

(Somo la redio la Elimu ya Watu Wazima: Chakula na Afya. Limepigwa chapa kwa ajili ya vikundi vya kusoma. Mwalimu wa kikundi asome sehemu moja kwa sauti, kisha wanafunzi waisome wenyewe kabla ya kuendelea na sehemu ya pili.)

Chukueni madaftari na kalamu, kwa maana leo tutasoma, na tutafanya hesabu.

Somo la leo lahusu unga ambao wazee wengi hutia katika kahawa, chai au uji. Mmeuona madukani. Mwingine umo katika kopo lenye picha ya mzee anayecheka, mwingine katika pakiti, mwingine umefungwa tu katika mfuko wa nailoni. Muuzaji husema unaleta nguvu, unakaza mifupa, unaondoa maumivu ya magoti, unarudisha ujana. Mtoto aliye mjini akija kusalimia huleta kopo moja kama zawadi. Mzee akiona kopo limekwisha, huenda akauza mbuzi ili apate jingine.

Je, unga huo wafaa? Jibu si "ndiyo" tupu wala si "hapana" tupu. Ziko aina zinazofaa, ziko zisizo na faida, na ziko za kuogopwa. Shabaha yetu ni kwamba mwisho wa somo wewe mwenyewe uweze kulishika kopo, kulisoma, kulipigia hesabu na kuamua.

1. KUTIA KITU KATIKA KINYWAJI SI JAMBO GENI

Wazee wa Kimaasai hawahitaji kufundishwa na mtu wa duka kutia kitu katika kinywaji. Tangu zamani magome na mizizi ya miti imechemshwa pamoja na supu ya nyama au kutiwa katika maziwa. Mmoja wa miti hiyo ni olkiloriti, ambao ni aina ya mgunga. Mwingine ni olmukutan. Jirani zetu Wabatemi, ambao wengi huwaita Wasonjo, wana desturi kama hiyo. Mwaka 1999 wataalamu walichapisha uchunguzi juu ya mimea ambayo Wabatemi wa Wilaya ya Ngorongoro huongeza katika chakula chao. Mimea hiyo walikuwa wamekwisha ipima, wakakuta ndani yake vitu vyenye nguvu, kama vile vile vinavyotoa povu kama sabuni, na vile vinavyokausha ulimi kama majani makali ya chai.

Sasa angalieni vizuri desturi hiyo. Gome lilitiwa katika supu ya nyama. Halikuwekwa mahali pa nyama. Gome lilitiwa katika maziwa. Halikuwekwa mahali pa maziwa. Kilicholisha mwili kilikuwa nyama na maziwa, nalo gome lilikuwa nyongeza.

Lishikeni neno hilo, ndugu zangu: nyongeza. Unga wa kopo nao ni nyongeza. Anayeupokea kama nyongeza huenda akapata faida. Anayeuweka mahali pa chakula amejinyima chakula, hata kama kopo lilikuwa la bei kubwa.

2. MWILI WA MZEE WATAKA NINI?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humhesabu kuwa mzee mtu aliyefika miaka 60. Lakini mwili huanza kubadilika mapema zaidi. Misuli hupungua kidogo kidogo. Mikono iliyokuwa ikimkamata ndume kwa pembe huanza kuchoka kwa kubeba ndoo moja. Meno hutoka, ulimi hauonji kama zamani, na njaa hupungua. Basi mzee hula kidogo, na akila kidogo, misuli huzidi kupungua. Ndipo huanguka, na akianguka mfupa huvunjika.

Mzee hahitaji kula kwa wingi kama kijana anayechunga. Lakini kila anachokula kiwe na vya kutosha ndani yake. Tutaje vinne.

Cha kwanza ni protini, chakula cha kujenga mwili. Protini hujenga misuli na kutengeneza palipoharibika. Wataalamu wengi hushauri mzee mwenye afya apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kila siku kwa kila kilo ya mwili wake. Mzee wa kilo 50 basi ahitaji gramu 50 hadi 60 kwa siku. Andikeni hesabu hiyo, tutairudia.

Cha pili ni madini ya chuma, ambayo hutengeneza damu. Yakipungua, mzee huishiwa pumzi kwa kupanda kilima kidogo, na huona kizunguzungu.

Cha tatu ni vitamini B12. Hii hulinda damu na mishipa ya fahamu. Imo katika nyama, maini, maziwa, mayai na samaki. Mimea haina. Tena tumbo la mzee huivuta kwa shida kuliko tumbo la kijana. Familia ambayo zamani iliishi kwa maziwa na nyama, na sasa yaishi kwa ugali na chai ya rangi, yafaa iliangalie jambo hili.

Cha nne ni kalsiamu pamoja na vitamini D, kwa ajili ya mifupa. Kalsiamu imo katika maziwa na katika dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Vitamini D hutengenezwa na ngozi ikipigwa na jua. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza matokeo ya kuwapima Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili, wakakuta damu yao ina vitamini D nyingi. Hawakuinunua dukani. Waliipata kwa kutembea juani. Koko anayeshinda ndani ya nyumba kwa sababu ya baridi atolewe nje aote jua ukungu ukiondoka. Jua halina bei.

3. UNGA UKO WA NAMNA NYINGI

Watu husema "unga wa lishe" kana kwamba ni kitu kimoja. Si kweli. Hebu tuupange katika mafungu.

Fungu la kwanza ni unga wa maziwa. Haya ni maziwa yaliyoondolewa maji. Ni chakula cha kweli. Karibu robo ya uzito wa unga wa maziwa yenye mafuta ni protini. Lakini kijiko kimoja kikubwa, kiasi cha gramu 8, hutoa kama gramu 2 tu za protini.

Fungu la pili ni unga wa kimea na kakao, wenye rangi ya udongo na ladha tamu. Ndani yake mara nyingi sukari ni nyingi kuliko kitu kingine. Vivyo hivyo pakiti ndogo za kahawa zilizochanganywa tayari na sukari na kitu cheupe mfano wa maziwa. Huo weupe mara nyingi si maziwa, bali ni mafuta ya mimea na sukari ya nafaka.

Fungu la tatu ni unga wa protini uliotolewa katika maziwa au soya. Huu una protini nyingi sana, na bei yake ni kubwa. Hospitalini hutumika kwa wagonjwa waliokonda.

Fungu la nne ni kolajeni, ambayo sasa hutangazwa sana kwa ajili ya magoti na ngozi. Kolajeni si kitu cha ajabu. Ukichemsha miguu ya mbuzi kwa muda mrefu, supu ikipoa huganda na kutikisika. Kinachoigandisha ni kolajeni iliyotoka katika mifupa, ngozi na kano. Basi yule anayenunua kopo la kolajeni ananunua jamaa wa supu ya makongoro. Ni protini, lakini imekosa kiungo kimoja ambacho mwili hauwezi kujitengenezea, kwa hiyo peke yake haitoshi kujenga misuli. Wala haishuki moja kwa moja kutoka tumboni hadi gotini. Tumbo huivunja kwanza vipande vipande, kama livunjavyo nyama na maharage.

Fungu la tano ni unga wa majani na matunda, mathalan unga wa mlonge na unga wa ubuyu. Mlonge mkavu una protini, kalsiamu na madini mengine, lakini huliwa kwa kijiko, si kwa sahani, kwa hiyo kijiko kimoja hutoa kidogo tu. Ubuyu una vitamini C, ila vitamini C huharibika kwa moto. Ukiutia katika kahawa inayochemka, sehemu ya faida yake hupotea. Afadhali ubuyu ukorogwe katika maji baridi yaliyochemshwa na kupozwa.

Fungu la sita ni unga usio na jina wala maandishi, uletwao mnadani katika mfuko. Muuzaji asema unaponya kila ugonjwa. Huo tutauzungumza baadaye.

4. TUSOME KOPO

Hapa ndipo faida ya kujua kusoma inapoonekana. Picha ya kopo humsemea muuzaji. Maandishi madogo ya nyuma humsemea mnunuzi, kama anajua kuyasoma.

Lifuatalo ni kopo la mfano tulilolitunga kwa ajili ya somo. Si la kampuni yoyote. Lisomeni pamoja kwa sauti:

UNGA WA KINYWAJI
Uzito: gramu 400
Viambato: sukari, kimea cha shayiri, unga wa maziwa, kakao, vitamini, madini
Katika kila gramu 100: protini gramu 10, sukari gramu 50
Matumizi: kijiko kimoja (gramu 10) katika kikombe
Tarehe ya kutengenezwa
Mwisho wa matumizi

Tulichunguze mstari kwa mstari.

"Uzito" hutuambia tumenunua nini hasa. Kopo kubwa laweza kuwa nusu tupu. Usipime kwa macho, pima kwa gramu.

"Viambato" ni vitu vilivyochanganywa. Kanuni ni hii: kilicho kingi kwa uzito huandikwa kwanza, kilicho kidogo huandikwa mwisho. Katika kopo letu ni kipi kilichoandikwa kwanza? Ni sukari. Basi mwenye kopo hili amenunua sukari yenye rangi na vitamini kidogo, ingawa mbele limeandikwa "NGUVU" kwa herufi kubwa.

"Katika kila gramu 100" ni kipimo cha kulinganisha. Ukitaka kujua kopo lipi kati ya mawili lina protini zaidi, linganisha mistari hiyo miwili. Usilinganishe picha.

"Mwisho wa matumizi" ni siku ambayo baada yake unga usitumike. Tarehe ikiwa imefutwa au kubandikwa karatasi nyingine juu yake, rudisha kopo.

Tazama pia alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Tangu mwaka 2019 shirika hilo ndilo linalosimamia usalama wa vyakula vinavyouzwa, na dawa husimamiwa na mamlaka nyingine iitwayo TMDA. Usidhani ukaguzi huo ni jambo dogo. Mwaka 2008 huko China unga wa maziwa ya watoto ulitiwa kemikali iitwayo melamini, ili maziwa yaliyoongezwa maji yaonekane kwenye vipimo kuwa yana protini nyingi. Karibu watoto 300,000 waliugua, na 6 walikufa. Unga ni mweupe, na uovu nao waweza kujificha katika weupe.

5. TUFANYE HESABU

Tuchukue kopo letu la gramu 400.

Kijiko kimoja ni gramu 10. Gramu 400 tukigawanya kwa 10 twapata vijiko 40.

Katika gramu 100 mna protini gramu 10. Basi katika kijiko kimoja cha gramu 10 mna protini gramu 1, na sukari gramu 5.

Mzee akitia vijiko viwili kwa siku, apata protini gramu 2. Lakini tulisema mzee wa kilo 50 ahitaji angalau gramu 50. Gramu 2 katika 50 ni sehemu 1 katika 25. Zile sehemu 24 zitatoka wapi? Zitatoka katika chakula, au hazitatoka.

Sasa tulinganishe. Yai moja lina protini kama gramu 6. Basi yai moja ni sawa na vijiko 6 vya unga huu. Bilauri moja ya maziwa ya ng'ombe, mililita 250, ina protini kama gramu 8. Kopo zima lina protini gramu 40. Gawanya 40 kwa 8, wapata 5. Kopo zima, pamoja na picha yake na kifuniko chake, lina protini ya bilauri 5 za maziwa, yaani lita moja na robo.

Na sukari? Gramu 200 katika kopo zima. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Basi kopo lina vijiko 50 vya sukari. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongeza isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu za chakula chote cha siku, na ikishuka hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Hiyo nusu ni kama vijiko 6 vya chai kwa siku. Mzee anayekunywa vikombe vitatu vya chai tamu amekwisha maliza fungu lake kabla hajafungua kopo.

Iko pia hesabu ya fedha. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959. Kilimo ndani yake kilikatazwa mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kikakatazwa tena mwaka 2009. Kwa hiyo mahindi na maharage yanayoliwa Nainokanoka hununuliwa, na fedha za kununulia hutoka katika mifugo. Shilingi iliyonunua kopo ni shilingi ambayo haikununua maharage. Kilo moja ya maharage makavu ina protini zaidi ya gramu 200. Hiyo ni mara tano ya kopo letu la mfano. Kabla ya kuuza mbuzi, ulizeni bei ya kopo, mwulize bei ya maharage, kisha mgawanye.

6. TABIA YA KAHAWA NA CHAI

Wengine watasema, "Mwalimu, unga wangu ni mzuri, una protini nyingi na madini ya chuma." Vema. Lakini watia katika nini?

Kahawa na chai vina vitu vinavyoyashika madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasiingie katika damu. Watafiti walipowapa watu kahawa pamoja na chakula, chuma kilichoingia mwilini kilipungua karibu sehemu mbili katika tano. Chai ilizuia zaidi ya kahawa. Waliokunywa kahawa saa 1 kabla ya kula hawakupata hasara hiyo, bali waliokunywa saa 1 baada ya kula walipata hasara ile ile.

Basi mzee mwenye upungufu wa damu ambaye hutia unga wenye chuma katika kahawa hujenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mkono wa pili. Unga huo autie katika uji. Kahawa yake ainywe saa 1 kabla ya chakula, au angojee saa 2 baada ya chakula. Magome yanayokausha ulimi nayo yana vitu vya namna hiyo.

Unga wa maziwa au wa protini hauharibiwi na joto la kahawa. Yai lililochemshwa halipotezi protini yake, hata unga ni hivyo. Ila ukimwaga unga katika kahawa ya moto sana hufanya mabonge. Koroga unga kwanza na maji kidogo ya baridi yaliyochemshwa, uwe kama uji mwembamba, kisha mimina kahawa polepole huku ukikoroga.

Kumbuka pia kwamba kahawa hufukuza usingizi. Mzee alalaye kwa shida asinywe kahawa tangu mchana, iwe na unga au bila unga.

7. NANI AULIZE KABLA YA KUTIA UNGA?

Wafuatao wasianze unga wowote kabla ya kumwuliza mganga wa zahanati au wa kituo cha afya:

Mwenye ugonjwa wa sukari, kwa sababu unga mwingi una sukari iliyofichwa.

Mwenye ugonjwa wa figo, kwa sababu protini nyingi na baadhi ya madini humlemea.

Anayemeza dawa kila siku, ya shinikizo la damu, ya sukari, ya tezi la shingo au nyingine. Kahawa na kalsiamu huzuia baadhi ya dawa za tezi zisifanye kazi. Maziwa na unga wa kalsiamu huzuia baadhi ya dawa za kuua vijidudu. Mlonge nao uulizwe, hasa kwa mwenye dawa za sukari au shinikizo.

Mzee anayekonda bila sababu. Huyu msikilizeni sana. Mavazi yanampwaya, shuka inamzunguka mara mbili, na watoto wanasema, "Ni uzee tu." Kukonda si uzee. Kwaweza kuwa kifua kikuu, sukari, kidonda cha tumbo, saratani, au meno mabovu tu yanayomzuia kutafuna. Kopo laweza kuwachelewesha mwezi mzima, na huo mwezi huenda ndio ungemponya. Apelekwe akapimwe.

Na ule unga usio na maandishi? Msiununue. Katika nchi mbalimbali wakaguzi wamekuta ndani ya unga unaoitwa wa asili dawa kali za hospitali zilizochanganywa kwa siri, zikiwamo za kutuliza maumivu na za kuongeza nguvu za kiume. Mzee huona magoti yamepoa siku mbili, akamsifu muuzaji, kumbe tumbo lake na figo zake zinaharibika. Unga usiosomeka haujulikani.

8. NYONGEZA YA NYUMBANI

Sasa tuangalie siku moja ya mzee wa kilo 50 bila kopo.

Asubuhi, uji pamoja na bilauri ya maziwa: gramu 8. Yai moja: gramu 6. Mchana, kikombe cha maharage yaliyopikwa: kama gramu 15. Jioni, bilauri nyingine ya maziwa: gramu 8. Jumla ni 37. Ongeza ugali wa siku nzima, gramu 250 za unga wa mahindi, wenye protini kama gramu 20. Jumla yote ni 57. Amefika.

Siku ambayo maziwa ni haba, kwa sababu ng'ombe wamehamishwa kufuata malisho, tia vijiko viwili vikubwa vya unga wa dagaa katika mboga. Dagaa wakavu nusu ya uzito wao au zaidi ni protini. Au tia karanga zilizosagwa katika uji. Asiye na meno apewe maharage yaliyopondwa na nyama iliyokatwa ndogo ndogo na kuchemshwa sana.

Angalizo mawili. Maziwa yachemshwe, kwa maana maziwa mabichi huleta homa ya kutupa mimba, ambayo humpata mtu kutoka kwa mifugo. Tena karanga na mahindi yenye kuvu yatupwe, wala yasisagwe. Mwaka 2016 watu kiasi cha 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara walifariki kwa sumu kuvu iliyokuwa katika mahindi.

Je, kopo halina siku yake? Linayo. Mzee aliyetoka hospitalini, aliyevunjika mfupa, au asiyeweza kutafuna wala kumaliza sahani, anaweza kusaidiwa sana na unga wa maziwa au wa protini uliochaguliwa kwa ushauri wa mganga. Huyo apewe bila kusitasita. Na wewe uliye mjini, unayependa kumletea baba au mama zawadi, zawadi hiyo ni njema. Ila isome kabla ya kulipa. Kama sukari imeandikwa kwanza, rudisha kopo, nunua trei ya mayai.

Wazee wetu waliotia gome katika supu hawakusahau nyama. Nasi tusisahau.

MANENO YA KUJIFUNZA

Nyongeza: kitu kinachozidishwa juu ya kingine.
Viambato: vitu vilivyochanganywa kufanya kitu kimoja.
Protini: sehemu ya chakula inayojenga mwili.
Upungufu wa damu: hali ya damu kukosa nguvu, mara nyingi kwa kukosa madini ya chuma.
Mwisho wa matumizi: siku ambayo baada yake kitu kisitumike.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini gome lililotiwa katika supu liliitwa nyongeza?
2. Kopo moja lina viambato "unga wa maziwa, sukari, kakao". Jingine lina "sukari, kakao, unga wa maziwa". Lipi lina maziwa zaidi? Umejuaje?
3. Kopo la gramu 500 lina protini gramu 20 katika kila gramu 100. Lina protini kiasi gani kwa jumla? Ni sawa na bilauri ngapi za maziwa?
4. Mzee mwenye upungufu wa damu anywe kahawa yake saa ngapi, ikiwa anakula chakula cha mchana saa 7?
5. Ni mzee gani katika boma lenu ambaye amekonda mwaka huu? Nani atampeleka zahanati, na lini?

KAZI YA NYUMBANI

Kila mmoja alete darasani kopo tupu au pakiti tupu ya kinywaji chochote. Anakili katika daftari viambato vitatu vya kwanza, protini na sukari katika gramu 100, na mwisho wa matumizi. Asiyepata kopo aandike chakula chote alichokula mzee mmoja wa nyumbani kwake kwa siku moja, kisha ajumlishe protini yake.

Swali la tano lisiachwe hewani. Mwandike siku ya kwenda, na jina la atakayemsindikiza.

Kwa herini, ndugu wanafunzi, hadi somo lijalo.